Betri ya Kutosha Sura Moja

Mtu yeyote aliyewahi kupanda basi katika kituo kikuu anaifahamu sauti yake, hata kama uso wake hajawahi kuuona. Ni yeye aliyekuwa akisema, kupitia vipaza sauti vilivyoning'inia darini, kwamba basi la asubuhi limechelewa, kwamba mtoto mwenye fulana ya njano anamtafuta mama yake, kwamba aliyesahau begi lenye viatu vya kike afike ofisini akiwa na kitambulisho. Alikaa katika chumba kidogo cha vioo juu ya ngazi. Kikaratasi kiliingizwa dirishani, naye akakisoma papo hapo bila kukipitia kwanza, kwa hiyo habari aliipata sawia na abiria. Siku aliposoma kwamba dereva mmoja mkongwe amepata mjukuu, sauti yake ilicheka yenyewe, na kituo kizima kikacheka naye. Watu wakamwita Mama Tangazo. Jina likamganda, akastaafu nalo.

Mumewe alikuwa mpishi wa hospitali. Miaka yote ya kazi alipika katika masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea, na alipostaafu hakuweza katu kujifunza kupika chakula cha watu wawili. Majirani walishazoea kugongewa mlango jioni na kumkuta amesimama na bakuli lililofunikwa. "Kimezidi kidogo," angesema, na hicho kidogo kililisha nyumba nzima. Hata mkewe alimwita Mpishi, na alimwita hivyo kwa mapenzi.

Kustaafu kulimkalia Mama Tangazo vibaya mwanzoni. Nyumba ilikuwa kimya mno. Mpishi alimkuta mara kadhaa amesimama bafuni akisoma kwa sauti maelezo ya pakiti ya sabuni, kwa ule mkazo wake wa kituoni, mpaka sehemu inayosema isiwekwe karibu na watoto. Binti yao, aliyekuwa ameolewa mbali, alipoambiwa habari hiyo kwa simu hakucheka. Alisema ipo maktaba ya wasioona inayotafuta watu wa kusoma vitabu na kuvirekodi, na kwamba mama yake amezaliwa kwa kazi hiyo. Aliporudi kuwasalimia akaja na kompyuta yake ya zamani ya mezani, skrini yake, na printa nzito kama jiwe la kusagia. Akamfundisha mama yake kurekodi, kusikiliza, kukata alipokohoa na kuunga.

Chumba alicholala binti zamani kikawa chumba cha kusomea. Ukutani waliegemeza magodoro mawili yaliyochoka, dirishani wakatundika blanketi linaloweza kusogezwa, sakafuni wakatandika zulia. Ukipiga makofi mle ndani, kofi lilikufa palepale. Mbele ya kipaza sauti Mama Tangazo aliweka duara la waya lililovishwa soksi ndefu nyepesi, ili herufi zinazotoka kwa kishindo zisije zikapasuka masikioni mwa watu. Aliketi wima, kitabu mikononi, miwani puani, na akasoma kama alivyokuwa akisoma vikaratasi: bila kuchungulia mbele. Mkuu wa maktaba alimshauri asome kitabu kwanza kimoyomoyo ndipo arekodi. Akaitikia kwa adabu, kisha akaendelea na mtindo wake.

Kila alichorekodi kilipelekwa kwanza kwa msikilizaji mmoja wa maktaba, dada asiyeona aliyefanya kazi ya kupokea simu katika kampuni kubwa. Siku nzima alisikiliza sauti za watu, na jioni akasikiliza vitabu ili aseme palipo na kasoro. Mama Tangazo hakuwahi kukutana naye, ila walizungumza kwa simu mara nyingi, na kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake, akamwita Opereta.

Taabu ilikuwa umeme. Haukukatika kila siku, na pengine hilo ndilo lililofanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwani mtu alisahau. Ulikuwa unaweza kutulia ukadhani sasa mambo yamenyooka, halafu saa nane mchana, jua likiwaka, puu, umekwenda. Mama Tangazo alipoteza nusu sura hapa na kurasa mbili pale, akazirudia bila manung'uniko.

Kisha ikaja riwaya ya upelelezi. Ilikuwa nene, na ilimkamata barabara. Mpishi aliona mkewe akitoka chumbani kunywa maji huku macho yako mbali, akaulizwa chakula kina chumvi ya kutosha, akajibu, "Yule shangazi anaficha kitu." Siku ya sura ya mwisho alifunga mlango, akasoma kwa sauti iliyokuwa ikishuka kadiri mpelelezi alivyokaribia ukweli, na alipofika pale muuaji alipotajwa, kumbe ni yule daktari wa meno mpole, sauti yake ilisimama kidogo, ikavuta pumzi, ikaendelea. Alijua mwenyewe kwamba amesoma vizuri. Alikuwa amebakisha ukurasa mmoja. Skrini ikazima, na kompyuta ikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo.

Umeme uliporudi hakukuwa na kitu. Akarudia sura yote kesho yake, polepole, kwa uangalifu, bila kukosea hata neno. Akaituma.

Opereta akampigia. Wakasalimiana, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu," wakaulizana hali ya nyumbani, kisha Opereta akasema, "Mama, ile sura ya mwisho umeisoma mara mbili."

"Umejuaje?"

"Sauti yako ilimjua muuaji tangu mstari wa kwanza. Kila daktari wa meno alipofungua mdomo, ulikuwa unamchukia. Nikasema, haya, basi ni yeye. Nikamjua kabla ya mpelelezi."

Mama Tangazo akakaa kitini. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza hivyo. Kituoni watu walisikiliza wapate jina la basi lao. "Samahani, mwanangu," alisema.

"Sikulaumu, mama. Nimekuambia tu kwa sababu sura nyingine zote ulikuwa unashangaa pamoja na mimi, na hapo mwisho nikajikuta niko peke yangu."

Maneno hayo yalimkaa. Akaamua kwamba umeme usimwibie tena usomaji wa kwanza. Alikuwa ameshasikia habari za UPS, kisanduku chenye betri ndani: unakichomeka ukutani, kompyuta unaichomeka kwenye kisanduku, na umeme ukienda betri inashika zamu. Akaenda duka la karibu linalouza kava za simu na chaja. Mwenye duka alikuwa na haraka ya kwenda kula. Akamuonyesha kilichokuwapo, kisanduku kidogo chepesi, akamhakikishia kwamba kinafaa kwa kompyuta, na Mama Tangazo akaondoka nacho mkononi kama mkate.

Nyumbani kilikuwa na matundu manne. Akaona ni busara yasikae bure. Akachomeka kompyuta, skrini, kisanduku cha intaneti alichotumia kutuma rekodi zake, na printa. Mpishi akasimama mlangoni akakitazama.

"Kidogo hicho," alisema.

"Kimeandikwa kinafaa."

"Mimi nasema tu."

Umeme ulipokatika, kisanduku kilipiga ukelele mmoja mrefu, mkali, wa kitu kilichokanyagwa mkia, kisha kikazima na kila kitu kikazima nacho. Mama Tangazo alitoka chumbani na kitabu mkononi.

"Nilikuambia," alisema Mpishi.

"Ulisema unasema tu."

"Ndiyo kusema kwenyewe."

Sasa Mpishi akaona zamu imemfikia. Alikuwa na mdogo wake ambaye kazi yake ni kuhamisha vifaa vya ofisi zinazofungwa au kukarabatiwa. Akampigia simu bila kumwambia mkewe, na Jumamosi asubuhi gari likasimama mlangoni. Wanaume wawili wakateremsha kitu kilicholingana na kabati la vyombo, wakakiingiza kwa kukipindapinda hadi kikakaa kwenye ujia, mbele ya mlango wa chumba cha kusomea.

"Shemeji, hii ilikuwa inaendesha ofisi nzima," alisema mdogo mtu akijipangusa jasho. "Ghorofa mbili. Mtu akikata umeme wa mji mzima wewe endelea tu, soma mpaka uchoke."

Mpishi alikuwa amekunja mikono kifuani, anameremeta. Tangu aache jiko la hospitali mkewe hakuwa amemwona na uso ule. Taa za kijani zikawaka kwa mstari. Na kitu kikaanza kuvuma.

Feni zake zilikuwa tatu. Hazikupiga kelele; zilivuma tu, sawasawa, kama lori lililoegeshwa nje na dereva wake hataki kuzima. Mama Tangazo hakutaka kumvunja moyo mumewe. Akapitisha waya chini ya mlango, akafunga, akaziba upenyo kwa taulo, akasoma. Alipojisikiliza aliisikia sauti yake, na chini yake ule mvumo. Mpishi akaja na wazo la kulifunika kabati kwa blanketi. Baada ya muda likaanza kunuka joto, likawasha taa nyekundu, wakalifunua mbio. Kwenye ujia pakabaki nafasi ya kupita kwa ubavu tu. Mpishi alijigonga goti asubuhi, akajigonga tena jioni, na mara zote mbili akasema si kitu.

Opereta alipiga simu bila kukawia. "Mama, umehamia uwanja wa ndege?"

"Ni betri, mwanangu. Ya mume wangu."

"Ni kama mtu mkubwa amelala karibu yako na anapumua. Nilisikiliza ukurasa mzima namngoja aamke."

Jioni, wakiwa mezani, Mama Tangazo alimweleza mumewe. Alimweleza taratibu, akitanguliza shukrani. Mpishi alisikiliza, akasukuma sahani mbele kidogo.

"Kidogo hakitoshi, kikubwa kina kelele. Unataka nini?"

"Nataka kujua tunahitaji kiasi gani. Hatujauliza swali hilo hata mara moja. Mimi nilinunua kilichokuwa karibu, wewe ukaleta kilichokuwa kikubwa."

"Kikizidi kuna ubaya gani?"

"Goti lako linasemaje?"

Akalishika goti chini ya meza, na mdomo ukamcheza. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kununa dakika mbili, kisha ananyanyuka kuosha vyombo. "Kesho twende wote," alisema akiwa na mgongo kwake, maji yakitiririka. "Nisije nikaambiwa sikuwapo."

Mjini kulikuwa na duka linalouza betri tu na vitu vinavyohusu betri. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Mpishi alianza kunyoosha kidole kwenye rafu ya juu, kwenye maboksi makubwa, lakini mwenye duka hakugeuka. Aliwakaribisha viti.

"Mnataka kuwasha nini?"

"Kompyuta," alisema Mama Tangazo. "Na skrini yake. Kisanduku cha intaneti. Na printa."

"Printa ya nini?"

"Ya kuchapisha," alisema Mpishi, akishangaa mtu wa duka kama lile kutojua.

"Umeme ukikatika, baba, mtakuwa mnachapisha nini saa ile?"

Mume na mke wakatazamana. Printa ilitumika binti alipokuja, basi.

"Printa za namna hiyo zina moto ndani," mwenye duka alieleza. "Zikipasha moto huo zinameza umeme kama pasi. Mliwahi kuwa na kidogo kikazima mara moja?" Mama Tangazo akakiri. "Basi kilizima kwa sababu ya printa. Ichomekeni ukutani, isiguse betri. Swali la pili: umeme ukienda, mnataka kuendelea na kazi, au mnataka kuifunga vizuri?"

Swali hili Mama Tangazo alilifikiria. "Sitaki kushinda nasoma bila umeme," alisema mwishowe. "Nataka kumaliza sura niliyoianza. Nihifadhi, nizime, nikanywe chai."

"Sura ina urefu gani?"

"Ndefu kabisa, kama dakika ishirini."

"Hapo sasa mmenipa kazi ninayoiweza."

Hakuwauzia kitu siku hiyo. Aliwaazima kipimo, kidude cha kuchomeka kati ya ukuta na waya, chenye kioo kinachoonyesha kifaa kinakula wati ngapi. Mpishi alikibeba mwenyewe. Nyumbani alipiga magoti karibu na soketi mkewe akiwa anarekodi, akakitazama kile kioo kama alivyokuwa akitazama kipimajoto cha jiko, midomo ikisoma namba bila sauti. Nyuma ya kompyuta palikuwa na kibandiko kinachosema wati mia tatu. Lakini kwenye kipimo, kompyuta na skrini na intaneti kwa pamoja hazikufika hata nusu yake.

"Kimeharibika hiki," alisema.

"Kibandiko kinasema mwisho wake," alisema Mama Tangazo, ambaye jambo hilo alikuwa ameelezwa dukani. "Kipimo kinasema inachokula kweli."

Mpishi hakuridhika. Akakipeleka jikoni, akachomeka birika la umeme, namba zikaruka hadi elfu mbili, birika likaunguruma. Akakirudisha chumbani, namba zikashuka kwa utiifu. Akafanya hivyo tena kwa pasi, kwa taa ya meza, kwa redio. Kufika jioni alikuwa amepima nyumba nzima na anaweza kukuambia kila kitu kinakula kiasi gani, na akaanza kumwambia kila aliyepita, pamoja na mchukua takataka.

Kisha akagundua jambo. Alimtazama mkewe akisoma, akaona macho yake hayatoki kwenye kitabu.

"Skrini unaitazama saa ngapi?"

"Nikianza na nikimaliza."

Akainama akazima skrini. Namba zikapungua. "Basi umeme ukienda, tunaizima," alisema, na sauti yake ilikuwa na kiburi kidogo ambacho mkewe alimwachia.

Waliporudi dukani Mpishi ndiye aliyezungumza. Alitaja wati, akataja dakika, akataja skrini. Mwenye duka akavaa miwani, akateremsha maboksi mawili kutoka rafu ya katikati. Mpishi akasoma boksi la kwanza, kisha akalisogeza mbali kidogo, akasoma tena.

"Hapa pameandikwa mia tisa. Na huku chini, kwa maandishi ya sisimizi, mia tano. Ni ipi?"

"Wati ni hiyo ya sisimizi. Ile kubwa ni kipimo kingine cha mafundi, VA, na kwa visanduku hivi huwa juu ya wati. Wengi wanasoma kubwa wanaondoka. Wewe linganisha wati na wati."

"Na sisi tunakula mia na kitu. Si kimezidi?"

Mama Tangazo alimgeukia mumewe. Hakuwa amewahi kumsikia akiuliza swali hilo.

"Kubeba, kinabeba kwa urahisi," alisema mwenye duka. "Lakini kubeba ni kitu kimoja, na kubeba kwa dakika ishirini ni kingine. Kilicho kidogo kuliko hiki kingeibeba kompyuta yenu vizuri tu, kikachoka sura iko katikati. Na betri inazeeka. Dakika za leo si za miaka miwili ijayo. Acheni nafasi."

"Sawa," alisema Mpishi. "Hata sufuria hujazi mpaka ukingoni. Ikichemka itamwagika."

Visanduku vilikuwa viwili vinavyokaribiana, kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine. Mama Tangazo aliomba viwashwe vyote. Kisha akaomba, kama haitakuwa usumbufu, feni ya dukani izimwe. Mwenye duka akaizima. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri akakuta wazee wawili wameinamia kaunta na masikio yao juu ya maboksi, akanyamaza pia, bila kujua ni kwa nini.

"Mimi masikio yangu yameshaharibiwa na kituo cha mabasi," alisema Mama Tangazo. Akatoa simu, akampigia Opereta, akaisogeza kwenye kisanduku cha kwanza.

"Hicho kinapumua," ilisema simu. "Si sana, ila kinapumua."

Akaisogeza kwenye cha pili.

"Haya, kiwashe."

"Kimewashwa, mwanangu."

"Basi chukua hicho," alisema Opereta.

Kabla hawajaondoka mwenye duka aliwaonyesha kitufe cha kuzimia mlio. Umeme ukikatika kisanduku kitalia, aliwaambia, kwa sababu kimetengenezwa kimwamshe mtu. Ukikibonyeza hapa kitanyamaza na kuendelea na kazi. Mama Tangazo akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena, mpaka kidole kikajua mahali pake chenyewe.

Lile kabati la ujiani lilichukuliwa na shemeji, likapelekwa kwenye duka la kutolea nakala lenye kompyuta nyingi na kelele nyingi, ambako hakuna anayelisikia. Kile kidogo cha kwanza hawakukitupa. Mpishi alikipima, akakipa kisanduku cha intaneti peke yake, na hapo kikawa na raha.

Majuma yakapita, umeme ukatulia, mpaka Mpishi akaanza kuudhika. Alitaka kuona. Siku moja alisema wauzime wenyewe, mkewe akamwambia aache utoto.

Ulikatika alasiri ya mvua. Mama Tangazo alikuwa katika sura ya mwisho ya riwaya nyingine, habari za dada wawili waliokosana kwa sababu ya nyumba ya baba yao na hawakusemeshana mpaka wakazeeka. Dada mkubwa alikuwa ameshika njia ya kwenda kwa mdogo wake. Taa ikazima, kisanduku kikalia mara moja, kidole kikakinyamazisha, na sauti ya Mama Tangazo haikutetereka. Ila mawingu yalikuwa mazito na maandishi yalikuwa madogo. Akaanza kuinamisha kitabu kuelekea dirishani.

Mlango ukafunguka bila mlio. Mpishi alikuwa ameutia mafuta bawaba mwenyewe. Aliingia bila viatu, tochi mkononi, akazima skrini kwa mkono wa kushoto, akasimama nyuma ya bega la mkewe na kuelekeza mwanga kwenye ukurasa. Alisimama hivyo sura yote. Hakuwa amesoma kitabu hicho, wala hakujua dada hao ni akina nani, lakini aliisikia sauti iliyokuwa ikitembea na yule dada mkubwa njiani, ikifika mlangoni, ikisita, isijue kama mlango utafunguliwa, kwa sababu aliyekuwa akisoma hakujua pia. Mlango ulifunguliwa. Mdogo mtu alitazama, akasema tu, "Umekula?" Na kitabu kikaisha punde.

Mama Tangazo akahifadhi, akazima, akageuka. Mpishi alikuwa akitazama ukutani.

"Mvua hii," alisema Mpishi.

"Ndiyo," alisema mkewe. "Imeingia mpaka ndani."

Umeme ulirudi walipokuwa wakinywa chai. Aliporudi kusikiliza, alikuta sauti yake safi, na mvua kwa mbali sana nyuma ya magodoro, na kabla ya mstari wa mwisho, mtu mmoja akivuta kamasi. Angeweza kuikata. Alishajua namna ya kukata. Aliweka kidole, akakiondoa, akaituma kama ilivyokuwa.

Opereta alipopiga, salamu zilikuwa fupi kuliko kawaida. "Nani yule aliyelia?"

"Mpishi."

"Mwambie tulikuwa wawili."

Mama Tangazo akamfikishia ujumbe mumewe jikoni. Mpishi akaupokea bila kugeuka, akakoroga, akaonja.

Siku hizi ukipita nje ya nyumba yao saa za mchana unaweza kusikia sauti nyingine ikitoka nyuma ya blanketi la dirishani, nene, yenye haraka, ya mtu aliyezoea kuwaita watu mezani. Maktaba iliomba msomaji wa kiume kwa kitabu cha kufuga kuku, na Mpishi akasema atajaribu, mara moja tu. Sasa yuko kwenye kitabu cha tatu. Hutaja magonjwa ya kuku kwa uchungu mkubwa. Mkewe hukaa ujiani kwenye kiti, pale kabati liliposimama, akishona kifungo au akimenya viazi, na mumewe akikosea neno humsikia akijisamehe kwa upole, akirudi nyuma kidogo, akianza sentensi upya.